Sauti Isiyongoja Jibu

Mwalimu Nasike alipokubali kufundisha kwa redio, alikubali kama mtu anayepokea mwavuli wa kuazima: autumie mvua ikimkuta njiani, kisha aurudishe kwa mwenyewe. Shule aliyokuwa akifundisha mtaani Donholm, Nairobi, ilikuwa imefungwa ghafla baada ya mwenye kiwanja kukiuza, nao walimu wakamwaga unga wote kwa pamoja. Baadhi ya wenzake walirejea makwao magharibi. Wengine walifungua vibanda vya mitumba. Yeye aliitwa kando na Bwana Matheka, mkurugenzi wa shule nyingine papo hapo Donholm, akaambiwa kwamba muhula ujao angehitajika naibu wa mwalimu mkuu, na kwamba asijifunge kwingine.

Nasike hakujifunga. Alikuwa amekitamani cheo hicho tangu nywele zake zilipokuwa nyeusi tititi, na mara mbili alikuwa amekiona kikipita mbele yake kikaenda kuketi kwa mtu mwingine. Safari hii alikusudia kisimpite.

Kazi ya redio ilikuwa ya shirika dogo lililotaka kuwafikia watoto wa wafugaji katika kaunti za kaskazini, wale wanaohama na mifugo na kuiacha shule mahali ilipojengwa. Masomo yalikuwa ya Gredi ya Tatu: Kiswahili, hesabu na mazingira. Yalirekodiwa Makongeni, ndani ya nyumba ya zamani ya wafanyakazi wa reli, ambamo fundi aliyeitwa Obonyo alikuwa amekigeuza chumba cha kulala kuwa studio kwa kuziba kuta zote kwa magodoro. Obonyo alikuwa mtu wa kurekodi kwaya za makanisa na matangazo ya dawa za mende. Masomo ya watoto aliyaweka mahali fulani katikati ya hayo mawili.

Walielewana tangu siku ya kwanza, kwa kuwa wote wawili walichukia kupoteza wakati.

Yafaa ielezwe jinsi Nasike alivyofundisha, maana ndivyo wafundishavyo wengi mjini. Mwalimu wa aina hiyo hamngoji mwanafunzi. Hutamka neno nusu, akapandisha sauti, nalo darasa zima likammalizia. Akisema, "Ng'ombe hutupatia mazi," darasa huitikia, "Waa." Akisema, "Na ngozi tunatengenezea via," darasa huitikia, "Tuu." Somo huenda mbio, wote hushiriki, na anayepita nje husikia shule inayofanya kazi. Nasike alikuwa bingwa wa mtindo huo. Wakaguzi walikuwa wakiletwa darasani mwake kama wageni wanavyoletwa kwenye chumba kilichopangwa vizuri.

Studioni hapakuwa na darasa, basi alijimalizia mwenyewe. Alisema, "Ng'ombe hutupatia mazi," akavuta pumzi, akasema, "waa. Vizuri sana, watoto." Hata pumzi hiyo Obonyo aliikata baadaye kwa mashine yake.

"Mwalimu, wewe ni moto," alimwambia siku moja, akivua vidude vya masikioni. "Somo lote limeshikana kama chapati. Hii maneno ya kimya kwa redio ni ugonjwa. Msikilizaji akisikia kimya, anafikiria betri imeisha."

"Maneno haya, Obonyo."

"Haya, Mwalimu. Maneno haya."

Hivyo ndivyo walivyokwenda muhula mzima, hadi Abukar alipokuja.

Abukar alikuwa mratibu wa vituo vya kusikilizia huko kaskazini. Kituo, kwa maana yake, kilikuwa mama mmoja aliyekabidhiwa redio ya miale ya jua, na watoto waliokusanyika kumzunguka karibu na kisima. Alikuwa ameshuka kwa basi hadi Eastleigh kununua redio nyingine, na kabla ya kurudi akapitia Makongeni. Alikuwa kijana mrefu, mpole wa maneno, ambaye alikataa kiti akaketi juu ya sanduku la vipaza sauti.

"Nimekuja na watoto, Mwalimu," alisema.

Nasike alitazama mlangoni. "Wako wapi?"

"Kwa simu. Niliwarekodi wakikusikiliza."

Nasike alijiweka sawa kama mtu anayesubiri kupigwa picha. Abukar aliiweka simu mezani, akaifungulia sauti.

Kwanza ulisikika upepo, kisha kengele za mbao za ngamia, kisha mwanamke akiwanyamazisha watoto. Halafu ikaja sauti yake Nasike, nyembamba, kama inayotoka ndani ya kopo. "Jua huchomoza upande wa masha, riki. Vizuri sana, watoto. Nalo huzama upande wa maga, ribi. Hongereni." Katikati ya hayo, sauti ya mtoto ilianza kusema, "Masha," lakini wakati huo mwalimu alikuwa ameshafika magharibi, na mtoto akabaki huko nyuma na nusu ya neno mkononi. Mtoto mwingine akasema jambo kwa Kisomali. Wote wakacheka.

"Amesema nini?" Nasike aliuliza.

"Ni mtoto tu, Mwalimu."

"Nimeuliza amesema nini."

Abukar alitazama magodoro ukutani. "Amesema, huyu mama hujiuliza, hujijibu, kisha hujipongeza."

Obonyo alicheka, akaona macho ya Nasike, akakigeuza kicheko kuwa kikohozi.

"Kuna mwingine ameongea baada yake," Nasike alisema.

"Huyo ndiye aliyenileta hapa. Amemkanya mwenzake. Amemwambia, usimcheke, yeye ana watoto wake huko Nairobi, hao ndio wanaojibu, ila redio haileti sauti zao. Amesema, sisi tunasikiliza darasa la wenyewe."

Upande wa pili wa ukuta treni ya mizigo ilikuwa ikipita, na hata magodoro hayakuweza kuizuia. Ilipokwisha kupita, Nasike aliuliza kama watoto wote walifikiri hivyo.

"Wengi. Mwanzoni walijibu, walishindana na wewe. Sasa wanakuja kusikiliza kama wazee wanavyosikiliza habari. Siku niliyorekodi, kadhaa waliondoka kwenda kwa mbuzi kabla hujamaliza. Mama wa redio aliniuliza kama anaweza kutafuta stesheni nyingine."

"Wanafunzi wangu hujibu hata kabla sijamaliza kuuliza," Nasike alisema.

"Wa Donholm, Mwalimu. Hao Kiswahili wanakiota. Wetu wanakisikia kwako na kwa askari wa doria. Ukimuuliza mtoto, swali lazima kwanza alipeleke nyumbani, kwa Kisomali. Jibu analipata huko. Halafu alitafutie Kiswahili cha kurudi nalo. Ni safari hiyo. Akifika, wewe umeshafunga duka."

Nasike alikusanya karatasi zake, akamwambia Obonyo kwamba kichwa kinamgonga, akaenda nyumbani.

Nyumbani alipokelewa na habari njema. Mumewe, Opicho, karani wa kaunti anayependa kukunja gazeti kabla ya kusema jambo la maana, alilikunja gazeti.

"Matheka amepiga simu. Yako ilikuwa imezimwa. Anakutaka wiki ijayo ufundishe somo moja mbele ya kamati ya shule. Anasema ni desturi tu, hakuna mwingine wanayemfikiria."

"Amesema hivyo?"

"Amesema, mwambie Naibu avae viatu vya kusimama."

Nasike aliketi. Furaha ilikuwepo, tena aliitambua, lakini haikukaa vizuri. Ilikuwa kama nguo iliyoshonewa mtu anayefanana naye. Alimweleza mumewe juu ya ile rekodi, akilipita kwa haraka neno la kujipongeza.

"Mtoto wa mtu na adabu yake ndogo," Opicho alisema. "Wewe bado wiki ngapi huko? Maliza, uwaachie redio yao."

Lilikuwa shauri la busara, na kesho yake Nasike alitoka akikusudia kulifuata. Hata hivyo alipofika Makongeni alimwomba Abukar, aliyekuwa hajasafiri bado, aketi mbele yake ndani ya chumba cha kurekodia.

"Nitakuuliza," alimwambia. "Wewe lipeleke swali nyumbani kama ulivyosema, ulirudishe. Ukifika, inua kidole. Usinihurumie."

Aliuliza swali la kwanza, akangoja. Aliona kwamba amengoja sana, akaendelea. Kidole cha Abukar kilikuwa bado gotini. Obonyo alipotazama mashine yake, alisema kwamba kungoja huko kote kulitosha mtu kupiga chafya mara mbili.

Wakarudia. Nasike hakuwa amepata kujua kwamba kimya kina uzito. Kila alipouliza, ulimi wake ulikimbilia nusu ya neno, akaukamata, akaukalisha chini. Alitazama kile kidole. Alimwona Abukar akifumba macho, midomo ikichezacheza, paji la uso likijikunja, kisha kulegea. Na hapo ndipo alipoanza kuelewa kwamba ile safari ilikuwa ya kweli, yenye mwinuko na mteremko, na kwamba kwa zaidi ya miaka ishirini alikuwa hajapata kuitazama usoni mwa mtu yeyote. Kidole kikainuka.

"Unaona," Abukar alisema. "Nimefika. Na mimi nina diploma."

Walirekodi masomo kadhaa kwa namna hiyo. Obonyo alinung'unika muda wote. Alidai kwamba jina lake litaharibika mjini, kwamba watu watasema amezeeka na mashine yake. Alipoachiliwa kunung'unika akamaliza, aliyatuma masomo yalivyo.

La kwanza lilipotangazwa, mambo yalikwenda kombo. Abukar alipiga simu kutoka kisimani siku hiyo hiyo.

"Mwalimu, umeuliza swali, ukanyamaza, na wimbo wa injili ukaanza."

"Wimbo gani?"

"Sijui, wa kuchezeka. Watoto wamecheza. Sasa wanauliza kama huo wimbo ndio jibu."

Ilibainika kwamba mitambo ya stesheni ilikuwa imetegwa: ikikosa sauti kwa muda kidogo, hudhani kuna hitilafu, ikajaza muziki. Obonyo alijiegemeza kwenye magodoro, akakunja mikono.

"Nilisema ama sikusema? Hata mashine inajua kimya ni ugonjwa."

"Ulisema," Nasike alikiri. "Sasa niambie mashine hiyo inahitaji sauti kubwa kiasi gani ili ituache."

"Hata ndogo tu. Hata mtu akigongagonga meza."

Ndipo Nasike alipogonga meza kwa kifundo cha kidole, polepole, ko, ko, ko, kama mtu aliyefika mlangoni pa jirani na asiye na haraka ya kufunguliwa. Wakajaribu. Stesheni haikucheza wimbo. Abukar alipiga simu tena akasema kwamba mama wa redio hakupenda mlio huo, ila watoto walikuwa wameanza kugonga kopo nao walipokuwa wakifikiri, na kwamba sauti moja au mbili zilijibu. Hakutia chumvi. Nasike alimshukuru kwa hilo kuliko kwa habari yenyewe.

Siku ya kamati ikawadia.

Shule ya Bwana Matheka ilikuwa na lango la bluu, maua ndani ya magurudumu yaliyopakwa rangi, na madirisha mapana yaliyotazama njia, ili wazazi wapitao wajionee. Wajumbe wa kamati walipangwa nyuma ya darasa. Miongoni mwa walimu waliokuja kutazama alikuwamo Akech, aliyefundisha pamoja na Nasike katika ile shule iliyofungwa, na ambaye sasa alikuwa hapo kama mwalimu wa kujazia nafasi. Akech alimtolea Nasike tabasamu la kumtia moyo.

Somo lilikuwa la kivuli. Nasike alianza kwa kasi yake ya zamani, na kasi ilimrudia kama baiskeli irudiavyo kwa aliyewahi kuipanda. "Kivuli hutokea mwanga unapozu," alisema. "Iwa," darasa likaitikia. "Adhuhuri kivuli huwa kifu." "Pii." Wajumbe walitazamana kwa kuridhika. Mmoja alianza kupiga mdundo kwa mguu.

Kisha Nasike akauliza, bila kukusudia kumjaribu mtu, "Kwa nini asubuhi kivuli huwa kirefu?"

Hakutoa nusu ya neno. Akangoja.

Darasa lilingoja pia. Watoto walimtazama midomo, wakisubiri kitakachotoka. Kilipokosa kutoka, walianza kutazamana. Kifundo cha kidole cha Nasike kilianza kugonga meza, ko, ko, ko. Mjumbe mmoja alijikohoza. Hatimaye msichana wa mstari wa mbele, mwenye sare iliyopigwa pasi hadi mikunjo ikasimama, aliinua mkono.

"Madam, linaanza na herufi gani?"

"Nini?"

"Jibu."

Wajumbe walicheka kwa upole. Nasike aliendelea kungoja, na kwa kuwa sasa alikuwa amejua kutazama, alitazama uso mmoja baada ya mwingine. Hakuona safari yoyote. Hakuna paji lililojikunja. Walikuwa watoto werevu, waliolishwa vizuri, nao walikuwa wameketi kama abiria.

Bwana Matheka aliona afadhali kumwokoa. Aliinuka kutoka nyuma, akasema kwa sauti ya uchangamfu, "Kwa sababu jua liko chi."

"Nii," darasa likaitikia, likashusha pumzi.

"Chini ya nini?" Nasike alimuuliza yule msichana.

Msichana hakujua. Wala hakuonekana kuona kwamba palikuwa na jambo la kujua. Nasike alimwambia aketi, akamalizia somo kama lilivyopaswa kumaliziwa, na wajumbe wakapiga makofi.

Ofisini, Bwana Matheka alimmiminia chai yeye mwenyewe. Alikuwa mtu mkarimu. Hata waliomchukia walikubali hilo.

"Kamati imekupenda, Madam. Wameona uzoefu. Muhula mpya unakaribia, kwa hiyo ningependa unipe neno lako leo. Kuna jambo moja dogo tu. Kile kimya."

"Ndiyo."

"Kile tukiachie huko kwa ngamia. Wazazi wetu hupita hapo dirishani. Wakisikia darasa limenyamaza, hudhani mwalimu hayupo. Na hiyo redio pia itabidi uiache, saa zitagongana."

Nasike alikoroga chai iliyokuwa imeshakorogwa. "Nikiwa naibu, nitakuwa na kauli juu ya jinsi walimu wanavyofundisha?"

"Naibu husimamia nidhamu, zamu na sare. Kufundisha wanajua wenyewe, ndiyo maana tuliwaajiri." Alitabasamu. "Utapata ofisi, Madam. Ina pazia."

Aliitazama ofisi hiyo kupitia mlango uliokuwa wazi. Pazia lilikuwa la kijani, na kiti kilikuwa kile alichokifikiria kwa muda mrefu. Alijaribu kwa uaminifu kujiona ameketi pale, na aliweza. Alichoshindwa kukiona ni mtu yeyote ambaye angekosa kitu endapo asingeketi. Yule msichana wa mbele angepewa nusu ya neno na mwalimu yeyote. Lakini kule kisimani, ukiondoa sauti yake, palibaki stesheni nyingine tu.

"Mkurugenzi," alisema, "nakushukuru kwa kunikumbuka nilipokuwa sina kazi. Sitaichukua."

Matheka aliweka birika chini. "Kwa sababu ya kimya?"

"Unaweza kusema hivyo."

"Hao wa redio wamekuandikia mkataba wa kudumu?"

"Wa mwaka mmoja. Baada ya hapo hawajui."

"Basi sikuelewi, na sitajifanya nakuelewa. Nitampa Akech."

"Akech bado mdogo."

"Akech ana sauti," alisema Matheka, na neno hilo lilikuwa la kweli.

Opicho alipoelezwa, hakukunja gazeti, aliliacha likaanguka. Alikuwa amewaambia watu kazini. Alikuwa amemwambia hata kaka yake kule Webuye, ambaye hajapata kutunza siri tangu azaliwe.

"Nilimsindikiza naibu asubuhi," alisema, "na sasa nimerudishiwa nini?"

"Mwalimu."

"Mwalimu nilikuwa naye. Mama Frankline, nyumba hii hatutaiweza kwa kazi hiyo, unajua."

"Najua. Tutatafuta ya bei nafuu Kware."

"Kware." Alilitamka kama anayeonja dawa. "Niambie jambo moja. Hao watoto wanalijua jina lako?"

"Hapana. Wananiita yule mama anayegonga."

"Na kwa hilo tunatoka Donholm."

"Kwa hilo."

Opicho hakukubaliana naye, na hadi leo hajasema kwamba amekubaliana. Alichouliza ni kama watapata nyumba ya chini au watapandishwa ghorofa za juu, ambako maji hayafiki. Hawakuipata ya chini.

Miezi michache baadaye, Akech aliwatembelea. Alipanda ngazi za Kware akiwa amevaa viatu vya ofisini, akafika mlangoni akihema, akacheka mwenyewe.

"Madam, huku mnaishi na malaika."

"Malaika wana maji. Karibu uketi."

Alikuwa amekuja kuomba msaada. Kamati ilitaka naibu mpya afundishe somo la mfano mbele ya wazazi, naye aliogopa. Nasike alimpa mpango wake wa zamani wa somo, akamwonyesha mahali pa kupandisha sauti na mahali pa kugeuka ubaoni.

"Nenda mbio," alimshauri. "Wanapenda mbio. Ukishazoeleka hapo, jaribu siku moja kufunga dirisha, uwaulize swali zima, ungoje. Uone."

"Watanifukuza."

"Huenda. Ndiyo maana nimekwambia siku moja."

Akech aliinama juu ya karatasi, akazisoma, kisha akauliza kilichokuwa kimemwasha tangu alipoketi. "Wale wa kaskazini, siku hizi wanakujibu?"

"Abukar anasema baadhi wanajibu. Mvua iliponyesha, kituo kimoja kilihama chote na redio yake, hajui kimeelekea wapi. Kingine mama aliuza yake."

"Kwa hiyo wewe unauliza, unagonga, na hujui kama kuna mtu."

"Sijui."

"Madam, samahani. Mtu anawezaje kufundisha bila kujua?"

"Kule Donholm," Nasike alisema, "nilikuwa nikijua nini?"

Akech alizikunja karatasi za somo. Huko chini mlinzi alikuwa amefungulia mfereji, na wapangaji walianza kuitana kwenye ngazi, kila mmoja akimhimiza mwenzake kabla maji hayajakatwa. Nasike aliinuka, akachukua mtungi uliokuwa nyuma ya mlango, akamkabidhi Akech mtungi wa pili. Akech alivua viatu vyake vya ofisini, akaviacha kizingitini, nao wakashuka.